Amekosa

Chumvi ndiyo iliyoanza. Jumapili ile, baada ya chakula cha mchana, Bitota aliacha sahani ya chumvi mezani akaenda kujilaza, kama Kindu nzima ilivyojilaza, maana jua la saa nane halina urafiki na mtu. Alipoamka, sahani ilikuwa tupu na imelowa. Haikuwa imeoshwa. Ilikuwa imelambwa, na ulimi uliopita hapo ulikuwa mpana kuliko kiganja cha mumewe.

"Baba Mbombo, nani alilamba chumvi yangu?"

"Mbuzi ya jirani Amuri," Mukuna akajibu bila kuinua macho.

"Mbuzi ilifungua mulango, ikakula, halafu ikafunga?"

Mukuna akaenda kufungua dirisha. Alikuwa amekwisha kuinusa ile harufu: jasho, ngozi iliyolowa, majani yaliyotafunwa. Aliijua vizuri. Mji mzima ulikuwa na farasi watano, na mmoja alikuwa amekufa jana yake, mbele ya macho yake.

Farasi Kindu! Cheka, una haki ya kucheka. Wazungu walipoondoka waliacha mazizi, na wakubwa wetu hawakutaka kitu kilichokuwa cha mzungu kikose mwenyewe. Wakaunda Serikli ya Farasi, yaani klabu ya wapandaji. Mwaka ule wa 1975, kwa ajili ya sherehe za taifa za Novemba, wakaandaa mashindano ya siku tatu: siku ya kumtembeza farasi kwa adabu, siku ya kukimbia porini na kuruka vizuizi, na siku ya kuruka uwanjani. Hata farasi walibadilishwa majina, kama sisi tulioamriwa kuacha majina ya kizungu na kuitana Citoyen, mwananchi. Jike wa kahawia aliyeitwa Étoile akawa Nyota, naye akaitika vilevile, maana hakuwa na shida na siasa.

Kanuni zilisomwa mbele ya watu wote. Fimbo tatu kwa kizuizi, zisizidi. Farasi aliyechoka asilazimishwe. Atakayevunja hayo atatolewa, jina lake litasomwa hadharani, na hatapanda tena mwaka mzima. Kila kizuizi kikapewa mwamuzi mwenye daftari na bendera nyekundu. Akiinua bendera, mpandaji sharti asimame, awe nani awe nani.

Mukuna, karani wa ghala la mbao, alipewa kizuizi cha saba, gogo lililolazwa mbele ya kijito. Na aliyekuja juu ya Nyota alikuwa Kalonji, mkubwa wake wa kazi.

Nyota alifika akiyumba, povu limemjaa kifuani. Alipoliona gogo akasimama. Kalonji akampiga. Mukuna akahesabu, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa: moja, mbili, tatu. Nne. Bendera ilikuwa mkononi mwake. Tano. Sita. Alihesabu mpaka kumi na moja, na mkono wake haukupanda. Ndipo Nyota akaruka, akaangukia kijitoni, asiinuke tena.

Kalonji alikuja na tope magotini, akasimama karibu sana.

"Citoyen Mukuna, andika vile uliona."

Mukuna akaandika neno moja, tena la Kiswahili, ingawa daftari lote lilikuwa la Kifaransa: *Amekosa*. Alijiona mwerevu. Kifaransa, chenye neno lake kwa jike na lake kwa dume, kingemlazimisha achague kati ya yule jike na bwana wake, lakini Kiswahili chetu hakiulizi. Farasi amekosa, mtu amekosa, neno ni lilelile. Wakubwa walilisoma mbele ya watu walivyopenda: farasi amekosa. Mukuna akarudi nyumbani akijiambia kwamba hakusema uongo.

Jumatatu, baada ya usingizi wa mchana, binti yake alitoka chumbani akijishika ubavu. Mbombo alikuwa na miaka tisa, na wala hakuwa na ndugu. Bitota akamfunua nguo, akakuta mstari mmoja mwekundu, umevimba, unatoka mgongoni unapinda mpaka tumboni.

"Nani alikupiga, mama?"

"Hakuna muntu. Nililala tu."

Jumanne mistari ikawa miwili. Jumatano ikawa mitatu, na siku hiyo Mukuna hakwenda kazini, alikaa kwenye kiti mlangoni pa chumba cha mtoto na panga mapajani, jua likiwaka nje na barabara ikiwa kimya, na ilipofika saa nane akasikia kwato nyuma ya nyumba, polepole, zikizunguka kutoka jikoni mpaka dirishani, zikisimama, zikikwaruza udongo, zikizunguka tena, na kila zilipopita ile harufu ya jasho ilipenya ukutani kana kwamba hakuna ukuta, mpaka akashindwa kuvumilia akasukuma mlango, na akamwona Mbombo wake amesimama katikati ya chumba, amelala akiwa wima, macho nusu wazi, povu kwenye pembe za midomo, akipumua kwa pua kwa nguvu. Mukuna aliogopa kumgusa. Aliogopa mtoto wake mwenyewe, na aibu ya woga huo ikamuuma kuliko woga.

Alhamisi mistari ilikuwa minne. Bitota, mtu wa kanisa, ndiye aliyesema kwanza.

"Tuvuke muto. Twende kwa Mwalimu Waziri."

"Wewe, Mama Mbombo? Kwa waganga?"

"Miye niko mama. Shika mutoto."

Mwalimu Waziri wa Alunguli alikuwa mzee wa ukoo wa Waungwana, Waislamu wa kwetu, mtu wa kisomo na ubani. Hakumgusa Mbombo. Alifukiza ubani, akakaa mbele yake, akangoja. Jua lilipokaa sawasawa juu ya paa, kichwa cha mtoto kikatupwa nyuma, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito na ya uchovu.

"Nani amekosa?"

Bitota akajiziba mdomo. Waziri akageuka, akanong'ona:

"Citoyen, mulikuwa na farasi?"

"Ilikuwako moja. Ilikufa."

"Ile ilikuwa kiti yake. Hii njo jini ya mchana, anapandaka kiti moja miaka mingi. Mumeua kiti, sasa iko anatafuta ingine."

"Mufukuze, Mwalimu. Nitaleta mbuzi, kuku, kila kintu."

"Hataki damu. Damu alishaona. Anauliza neno, na weye unajua ile neno." Mzee akamwangalia sana. "Sheria yenu iliruhusu fimbo ngapi?"

"Tatu."

"Farasi ilipigwa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Basi iko munane ya zulumu. Mutoto iko na ngapi?"

"Ine."

"Kila siku moja. Ya munane itafika Jumatatu, na farasi ilifanya nini kisha ya mwisho?"

Bitota akaanza kulia bila sauti.

"Nenda, utengeneze neno," Waziri akasema. "Lakini haiko mu kificho. Neno ilisomwa mbele ya bantu, itarudishwa mbele ya bantu."

Watu wangekusanyika Jumapili, kwa kugawa zawadi za mashindano. Siku mbili za kungoja Mukuna hakula. Kazini Kalonji alimpigapiga begani kila asubuhi, kwa upendo mwingi, na Mukuna akatabasamu kila asubuhi. Ijumaa mtoto alikuwa na mitano. Jumamosi, sita, na akawa hanywi maji ila kwa kuinamia ndoo.

Jumapili saa tisa, mstari wa saba ukiwa bado mbichi ubavuni mwa Mbombo, mkuu wa waamuzi alisimama na orodha yake. Alisema Citoyen Kalonji amepata hasara ya farasi mbovu, na kwa uvumilivu wake Serikli imemwandalia kikombe. Watu wakapiga makofi. Mukuna akainuka.

"Naomba daftari yangu. Niliandika nusu."

Akaandika amesimama, kisha akasoma kwa sauti: "Kizuizi cha saba. Nyota hakukosa. Kalonji amempiga farasi aliyechoka mara kumi na moja."

Kalonji akainuka.

"Unajua iko unasema na nani?"

"Najua, patron. Njo maana nilichelewa siku munane."

Mkuu wa waamuzi akatazama huku na huku akitafuta mahali pa kujificha, lakini kanuni alizisoma mwenyewe, na watu mia mbili walizisikia. Jina la Kalonji likasomwa. Ametolewa, hatapanda mwaka mzima. Kikombe kikabaki mezani. Kalonji alipopita karibu na Mukuna alisema kwa upole, "Kesho usikuje kazi."

Mukuna alikimbia njia nzima na daftari kwapani. Alimkuta Mbombo amekaa mkekani, anakula wali kwa mkono, anagombana na mama yake juu ya kipande cha samaki. Mistari ilikuwa imefifia. Mukuna alilia mbele ya mtoto wake na hakuona haya, maana furaha ilikuwa kubwa kuliko uanaume wake.

Jumatatu Bitota alijaza sahani ya chumvi, akaiweka mezani. Mwalimu Waziri alivuka mto kuja kuwaona. Wakakaa wote. Saa nane ikafika, ikapita. Chumvi haikuguswa, na Bitota akacheka kwa mara ya kwanza katika juma zima. Mbombo akachovya kidole, akalamba.

Waziri hakucheka. Alikuwa anatazama kitambaa chekundu kilichotundikwa kwenye msumari, bendera ya kizuizi cha saba.

"Ile bendera ilikuwa mu mukono ya nani?"

"Yangu," Mukuna akasema.

"Uliandika pia kama haikuinuliwa?"

Mukuna akalivuta daftari na kulifungua. Chini ya maneno aliyoyasoma mbele ya watu palikuwa na mstari mwingine, kwa mwandiko wake mwenyewe, wino bado haujakauka: *Amekosa*. Halikuwapo jina.

"Baba Mbombo," Bitota akanong'ona, "huyu njo nani tena?"

Mukuna alitaka kujibu. Alitaka kuchukua kalamu aandike jina lake, alitaka sana, lakini kitu baridi cha chuma kilikuwa kimelala juu ya ulimi wake, kikivutwa kulia, kikivutwa kushoto, na uzito ulikuwa unampanda mgongoni taratibu, ukijiweka sawa, ukibana mbavu zake kwa magoti, na mkono wake uliokuwa umenyooka kuelekea kalamu ukakaa pale hewani, haupandi, haushuki.

Mbombo aliinua macho kutoka kwenye chumvi.

"Papa," akauliza, "nani amekupanda?"