Samadi Iliyokwenda na Mvua

Kila asubuhi Nabwile wa Saboti alikamua ng'ombe wake watatu huku akilikodolea macho shamba la jirani yake, Gathoni, mama wa Mbogo. Mahindi ya Gathoni yalikuwa ya kijani kibichi. Yake yalikuwa ya manjano. Wivu ulimkaba roho, maana Gathoni alikuwa na ng'ombe mmoja tu.

Kusafisha zizi hakukumsumbua. Alisukumia samadi kwenye mtaro, akangoja mvua ifagie. Alijiona mjanja.

Lakini kila mvua iliponyesha, binti yake mdogo, Nangila, aliharisha. Mara ya tatu mtoto alilegea hata kulia akashindwa. Nabwile aliogopa kwamba atamzika. Akatangaza kijijini kwamba Gathoni ana jicho baya. Mwenye jicho la wivu alikuwa yeye, ila alimpachika mwenzake.

Jotham, mhudumu wa afya wa kijiji, alimpa mtoto maji ya chumvi na sukari, akahimiza apelekwe zahanati upesi. Nangila alipopata nafuu, Jotham alimwomba Nabwile watembee mvuani. Wakayafuata maji meusi kutoka zizini, mtaroni, hadi kijitoni, hatua chache juu ya mahali Nabwile alipochota maji.

"Hii uchafu ni ya nani, Mama Nangila?"

Nabwile alitamani kumtaja Gathoni. Mdomo ulikataa.

"Ni yangu," akasema.

Jotham alimweleza kwamba mvua hubeba kila kinachoachwa wazi, iwe samadi, dawa ya kupe au mafuta ya gari, na yote huishia mtoni. Samadi ikae shimoni mbali na mtaro, ifunikwe. Nyasi za nepia zipandwe ukingoni zizuie uchafu. Maji ya kunywa yachemshwe.

"Mama Mbogo hufanya hivyo," aliongeza. "Samadi ikishaoza anaweka kwa mahindi."

Iliuma. Nabwile alikuwa akitupa mtoni kile kile kilichostawisha mahindi aliyomwonea Gathoni wivu. Alikwenda kwake kuomba nepia.

"Ulijua samadi yangu inaingia mtoni?"

"Nilijua. Mimi nachemsha maji."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia aje, na hata salamu yangu huitikii?"

Nabwile aliomba radhi. Gathoni akamkatia nepia, wakapanda pamoja.

Msimu uliofuata, kwa samadi iliyoozea shimoni, mahindi ya Nabwile yalinawiri, na Nangila hakuugua hata siku moja. Wivu haukuisha wote. Siku moja alimkuta Gathoni akisuuza bomba la kunyunyizia dawa ya kupe kando ya mtaro. Zamani angenyamaza, akafurahi moyoni.

"Mama Mbogo," alisema, "hiyo dawa itafikia watoto wetu wote."

Gathoni alilibeba bomba, akaenda kulisuuzia mbali na maji.