Duka la Lugha Sita

"Lifunge duka la dawa la yule mgeni kabla ya saa sita," Bosi aliagiza simuni. "Makasha ya dawa bandia yamekutwa na nembo yake. Mlete hapa."

Kipanga alisaga meno. Wiki tatu idara yao ya upelelezi ilikuwa ikinasa sauti za wauza dawa bandia redioni. Wiki tatu wataalamu na mitambo yao ya bei mbaya walishindwa kuufumbua msimbo wao. Sasa wamepata wa kumtwisha zigo.

Aliingia dukani, bastola ya Glock 19 chini ya koti.

Foleni ilifika barabarani. Nyuma ya kaunta, wauzaji sita walihudumia wateja, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Duka la jirani, mwenyewe alikuwa akipiga miayo.

"Unanikamata kwa dawa nilizoziripoti mimi?" mwenye duka alifoka. "Wateja waliniambia haziponyi. Niliiandikia idara yenu barua mbili. Mkanijibu mnataka kuona pasipoti yangu."

Hakuna aliyemwambia Kipanga habari za barua. Damu ilimchemka.

Redio yake ya Motorola ikakoroma. Ule msimbo tena.

Muuzaji mmoja, mama wa makamo, akashusha miwani. "Huyo anasema lori la mikate litoke kiwanda cha magodoro saa tano na nusu. Geti la nyuma."

"Mama, umefumbuaje msimbo?"

"Msimbo gani, mwanangu? Hiyo si lugha ya kwetu?"

Wiki tatu! Ofisi nzima haikufikiria kumuuliza mtu.

Saa tano na dakika ishirini na nane. Land Cruiser ya Kipanga na wenzake ikaziba geti la nyuma la kiwanda.

Dereva wa lori alichomoa bastola. Kipanga akamuwahi.

Risasi moja. Begani.

Utingo alinyoosha mikono bila kuambiwa. Chini ya mikate kulikuwa na vidonge vya chokaa, vya kuwapa watoto wenye homa, na rundo la nembo za kughushi za duka la yule mgeni. Kipanga alitamani kuongeza risasi ya pili.

Simu ikaita.

"Safi sana," alisema Bosi. "Nitaandika kwamba mitambo yetu imefumbua msimbo. Na yule mgeni?"

"Yuko kazini kwake. Nembo zimeghushiwa, ninazo mkononi."

"Amri imeshasainiwa. Duka lifungwe."

"Nenda kalifunge mwenyewe, mzee. Ukifika, mweleze kila aliye kwenye foleni kwa nini unafunga. Kwa lugha yake."

Akakata simu, akawaachia wenzake gari na watuhumiwa, akafunga kifungo cha koti na kuondoka kwa miguu, taratibu.