Mikono ya Kushikia Uzi

Jambo lenyewe lilianza kwa donge la uzi kuwa zuri mno. Katika nyumba ya wazee pale Nengo, ng'ambo ya mpaka kutoka Goma, mwaka wa tisini na nane, kila baada ya chakula cha mchana wazee walikaa barazani wakifumua sweta za mitumba ili wapate uzi wa kufuma blanketi. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja ananyoosha mikono, uzi unazungushwa juu yake, mwingine anauviringa donge. Mukecuru Laurence, yaani Bibi Laurence, alikuwa karibu kipofu, na mwenzake hakuwa naye, maana ulimi wake ulikuwa upanga na watu walishamchoka. Madonge yake siku zote yalikuwa ovyo. Juma lile yakaanza kutoka mviringo, yamebana, kama ya dukani.

Resty, mhudumu aliyerudi kutoka Uganda, alimsifu, kisha akamwuliza nani anamsaidia.

"Drocella," bikizee akajibu. "Iko ananishikia."

Drocella alikuwa binti yake wa pekee. Kipindupindu kilimuua Goma mwaka wa tisini na nne, na alipozikwa hakuna aliyepajua. Uzee una mambo yake, Resty akajiambia, na heri angeendelea kujiambia hivyo. Kesho yake alipita barazani mchana kweupe, akauona uzi umetanda hewani mbele ya kiti kitupu, unakwenda kushoto, unakwenda kulia, vile mshikaji anavyoucheza ili usikwame. Baraza lote lilinuka nguo mbichi iliyolala bila kuanikwa. Mzee Rutagengwa, kiti cha pili, alikuwa amefumba macho kwa nguvu, midomo inasali.

Resty alirudi jikoni, akakaa juu ya gunia la viazi.

Kilichomtisha zaidi ni sahani. Laurence aliacha kula. Alieleza, tena kwa furaha, kwamba blanketi likiisha yeye na mwanawe watakwenda kwao pamoja, sasa chakula cha nini? Resty alimpenda bibi huyu aliyemtukana kila asubuhi na kumwekea ndizi chini ya mto kila jioni. Akauchukua uzi wote akaufungia stoo. Siku iliyofuata akamkuta Laurence anafuma, akadhani ameiba uzi, akasogea, akaona sweta ya bibi imefumuliwa mikono yote miwili hadi mabegani, akasogea tena, na harufu ile ya ubichi ikampiga puani, na sindano zikawa zinagongana haraka kuliko vidole vile vikongwe vingeweza, akaona kwamba safu za mwisho za blanketi ni nyeupe, nyembamba, zinang'aa, na kwamba upande mmoja wa kichwa cha Laurence hauna hata unywele.

Masista walioendesha nyumba ile hawakutaka kusikia habari za majini. Basi Resty akangoja mpaka wasafiri, akamleta mwalimu Nsengiyumva kutoka mtaa wa Waislamu. Mwalimu akafukiza ubani, akasoma kwa sauti ya chini, kisha akamwuliza aliyekuwa kitini ni nani. Jibu lilitoka kinywani mwa Laurence, lakini sauti haikuwa yake.

"Mi si mutoto wake. Nilimusikia anaita. Kila siku anaita, na hakuna mutu anaitika."

Mwalimu akaamuru, akasoma tena, jasho likamtoka. Mwishowe kiti kikaanguka chenyewe na harufu ikakatika. Akasema limetoka, akakunja msala wake akaenda.

Laurence alikigusa kile kiti kilicholala sakafuni.

"Mutoto wangu alikufa mara moja kule Goma," akasema. "Leo mumemuua tena."

Akalala, akageukia ukuta. Siku tatu hakula wala hakunywa, hakumtukana mtu. Siku ya nne pumzi yake ilikuwa fupi, na Resty, maskini, roho ikamshinda. Akaleta uzi, akamkalisha bibi kitandani, akakaa mbele yake, akanyoosha mikono. Laurence akaufuata uzi kwa vidole mpaka akafika kwenye viganja vyenye joto.

"Drocella?"

Resty alijua ni uongo. Alijua pia uji upo mezani na bado una moto.

"Karame," akaitika, kama mtoto wa Kinyarwanda anavyomwitikia mzazi anapoitwa.

Uso wa Laurence ukafunguka. Akaomba uji.

Na nyuma ya Resty, karibu kabisa na sikio, mwingine naye akaitika taratibu, "Karame," na vidole vibichi vikapita chini ya viganja vyake, vikaviinua kidogo, hadi mahali uzi unapokaa vizuri. Resty alitaka kusimama. Laurence alikuwa ameshaanza kuviringa.