NILIKATAA KUOLEWA KWA SABABU YA PAWA SAPLAI

"Siridhii! Mwambieni sheikh arudi kwake. Siolewi!"

Hayo ni maneno yangu mimi, Shadya, nikiwa nimevaa nguo ya harusi kamili, mashahidi wako mlangoni wanasubiri idhini yangu!

Ami yangu Masoud, ndiye walii wangu wa kuniozesha badala ya baba, akashika kichwa.

"Shadya mwanangu, unasema nini? Watu wamejaa barazani!"

"Mahari yangu imekufa, ami. Nimetapeliwa."

Wadau, nyie mnaofuata ukurasa huu mnanijua. Mimi ni mcheza gemu. Sasa kwetu Bagamoyo mwanamke ndiye anayetaja mahari, na mimi nilitaja kompyuta ya gemu. Shangazi Tatu nusura azimie. Abdulnasir, mchumba wangu wa Pangani, alicheka tu, akasema taja vifaa.

Nikataja! Kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, iwe kubwa kuliko zote sokoni. Prosesa, ubongo wa mashine, inayoweza kuilisha, maana kadi kubwa na prosesa dhaifu ni kumtafutia sultani mpishi asiyejua kuchemsha maji. Ram, yaani kumbukumbu ya kazi, ya kutosha. Na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa vyote, kiwe cha maana.

Nilimsisitizia hilo. "Abdul, watu huwa wanabana pesa hapo kwa sababu hakionekani. Usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii," akaniambia.

Mashine ikaletwa siku moja kabla ya nikaha, nikiwa na hina mbichi hadi viwikoni. Siwezi kugusa kitu. Shangazi akaiwasha, taa zikawaka rangi zote, wanawake wakapiga vigelegele. Sikuchungulia ndani.

Siku ya nikaha ikawashwa tena ili wageni waione. Chumba kimejaa moshi wa udi, shangazi anahangaika huku na huku. Mimi najitazama kwenye kioo.

TAK!

Giza! Taa zote za kompyuta kwisha, feni zake kimya. Na umeme wa nyumba ulikuwepo, wala haukukatika...

Nikajua moja kwa moja: pawa saplai! Kanunua ya kuokoteza, pesa kala!

Ndipo nilipomwambia ami yale maneno. Kisha nikafanya jambo ambalo bibi harusi wa kwetu halifanyi. Nikampigia bwana harusi simu, naye amekaa barazani palepale, kanzu na joho.

"Abdul, umenunua vile nilivyokutajia?"

Nikamsikia akiinuka na kusogea pembeni ya watu.

"Nijibu!"

"Kuna kitu nilibadilisha," akanong'ona.

Jamani! Nikakaa kitandani.

"Ulibadilisha nini?"

"Kadi. Nimeshusha ngazi moja."

"Kumbe! Na mbele za watu ukasema umetimiza?"

"Shadya, nisikilize..."

"Nisikilize nini? Mashine yako imeshakufa!"

Nikakata simu. Machozi yanatiririka na wanja wangu. Ami akaniambia kwa upole, "Mahari ni haki yako. Usiporidhia, mimi sikuozeshi. Lakini uwe na uhakika, mwanangu."

Uhakika! Nikainuka kwa hasira nimwonyeshe ami jinsi tulivyoibiwa. Nikasogeza uso kwenye kioo cha ubavuni mwa kompyuta.

Matone.

Ndani ya kompyuta kuna matone! Juu ya kadi, juu ya nyaya, yanachuruzika...

"Nani kamwaga maji humu?"

"Maji?" Shangazi Tatu akatoa macho. "Hayo marashi, mwanangu! Marashi ya waridi! Nilikunyunyizia wewe, nikainyunyizia na mahari yako. Pale juu penye vitundu. Mali ya bibi harusi itakaaje bila marashi?"

Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, sikuweza vyote viwili. Nikachomoa waya ukutani, nikampigia tena Abdul.

"Imenyunyiziwa marashi ikiwa inawaka."

Akaniambia haraka, "Usiiwashe kabisa. Ile pesa ya kadi niliiongezea kwenye pawa saplai. Umeme wa kwenu unapanda na kushuka, niliogopa. Hiyo niliyoweka ikiona hitilafu inajikata yenyewe. Kama imewahi, vingine vimepona."

"Na kama haikuwahi?"

"Sijui, Shadya. Nitanunua nyingine."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliipenda mno ile kadi. Niliogopa utakataa."

Ningekataa, kweli. Ningepiga na kelele.

Sheikh akakohoa mlangoni. Ami akanitazama. Hakuna aliyejua kama ile mashine ni nzima au maiti. Mimi pia sikujua!

"Shadya binti Yahya," sheikh akauliza, "umeridhia kuozwa kwa mahari hii iliyopo?"

Nikaitazama. Nyeusi, imelowa, inanukia waridi.

"Nimeridhia," nikasema. "Na isipowaka, hanidai mtu wala simdai mtu."

Nje nikasikia dua, kisha vigelegele. Shangazi analia kuliko mimi.

Tuliiacha wazi ikauke mpaka fungate likaisha. Siku ya kuiwasha Abdul alishika mkono wangu, mimi nikafumba macho, nikabonyeza.

Ikawaka! Kadi nzima, prosesa nzima, ram nzima. Pawa saplai ilijikata kabla chochote hakijaungua. Nikafungua gemu langu zito, halikukwama hata kidogo. Ile kadi niliyoililia, ndugu zangu, hata sikuikumbuka.

Basi dada, unaponunua mashine, usimalize pesa kwenye kile wageni watakachokiona. Kilichojificha ndicho kinachobeba mzigo.

Na wewe kaka, ukimfanyia mwenzako jambo la kumlinda, mwambie! Mimi nilibakiza pumzi moja tu nimfukuze mwanaume aliyenifikiria kuliko nilivyojifikiria mwenyewe.