Kiolezo cha Mfuko

Katika chumba cha ushonaji cha Mama Vifungo, kila kitu kina msumari wake. Mkasi una wake. Tepu ya kupimia ina wake. Violezo, yale mabamba magumu anayoyafuata kwa chaki kabla ya kukata kola na mifuko, vinaning'inia karibu na dirisha. Watu walimpa jina la Mama Vifungo kwa sababu hajawahi kutoa nguo yenye kifungo kilicholegea.

Miaka miwili iliyopita alipata saratani ya titi la kushoto. Alipasuliwa, uvimbe ukatolewa, kisha akapewa tiba ya mionzi. Mwaka uliopita alipigwa picha ya matiti. Aliambiwa yuko salama, lakini arudi baada ya mwaka mmoja. Sasa mwaka umetimia, na kadi ya kliniki imefichwa chini ya rundo la vitambaa.

“Leo ndiyo tarehe,” mumewe alimwambia. Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache.

“Nina sare arobaini za kushona. Tena siumwi popote. Aliyelala usimwamshe.”

“Mimi nikiziba bomba, narudi kulikagua. Singoji ukuta ulowe.”

“Kwa hiyo mimi ni bomba?”

“Bomba langu la pekee. Vaa, twende.”

Mama Vifungo alicheka, akaichomoa kadi chini ya vitambaa. Sare zilikuwa kisingizio tu. Aliogopa kuambiwa ugonjwa umerudi.

Hospitalini walimkuta mpiga picha, mama mmoja mchangamfu mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Alimwomba ajifute poda na marashi kwapani, kwa sababu vinaweza kuonekana kama madoa kwenye picha. Kisha mashine ilibana titi moja, halafu la pili.

“Vumilia, dada. Usipumue kidogo. Haya, pumua.”

Ilimuuma kidogo, ikaisha. Alikuwa anafunga vifungo vya blauzi mpiga picha aliporudi.

“Dada, daktari anataka picha nyingine ya titi la kushoto.”

“Imerudi?” Mama Vifungo aliuliza.

“Sijasema hivyo. Kuitwa tena si hukumu. Daktari ameona doa. Huenda ni kovu la upasuaji, huenda ni kitu kipya. Picha ya leo inaonyesha leo tu. Ya mwaka jana ndiyo itatuambia kama doa limekua au limekaa vilevile. Umekuja nayo?”

Mama Vifungo alitazama sakafu. “Hapa hamna nakala?”

“Mwaka jana mashine ilitoa filamu moja tu, tukakukabidhi. Hapa tuna maelezo. Yanasema uko salama, lakini hayaonyeshi ukubwa wa doa. Filamu iko wapi?”

Mumewe alimgeukia.

“Nimeikata,” alisema kwa sauti ndogo.

“Umekata nini?”

“Filamu. Kwa mkasi. Nimetengeneza violezo.” Machozi yalianza kumtoka. “Ni ngumu, haijikunji, haichakai. Nikasema ugonjwa umekwisha, acha picha zake nazo zifanye kazi.”

Mpiga picha alivaa miwani, akaivua. Tangu aanze kazi hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Mama Vifungo alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini mumewe hakumgombeza. Alisimama na kuuliza, “Viko msumarini?”

“Vyote, pamoja na mabaki. Kasoro cha mfuko. Nilimwazimisha Mzee Pindo.”

Mzee Pindo ni fundi cherehani wa chumba cha jirani, bingwa wa kuazima na mgumu wa kurudisha. Fundi bomba aliondoka mbio.

Walipokuwa wakisubiri, Mama Vifungo alipigwa ile picha nyingine, kisha daktari akampima kwa altrasaundi, kipimo cha mawimbi ya sauti. Alisogeza kifaa polepole juu ya titi, akarudia palepale. Mwishowe alisema, “Inaelekea ni kovu. Lakini nataka kuona picha ya zamani. Tusipoipata, huenda tukachukua kinyama kidogo kwa sindano, kikapimwe.”

Nje, kwenye benchi, Mama Vifungo alimshika mpiga picha mkono. “Basi nipigeni picha mwili mzima, nijue moja.”

“Hapana, dada. Mtu asiye na dalili hahitaji hivyo. Unachohitaji ni picha ya matiti kila mwaka, na kuja kliniki daktari akupime kwa mikono. Lakini ukigusa uvimbe mpya, ukaona ngozi imebadilika, au chuchu inatoa majimaji, usingoje mwaka uishe. Njoo mara moja.”

“Hata kama sisikii maumivu?”

“Hata kama husikii maumivu. Saratani ikianza kurudi, mara nyingi haiumi. Ndiyo maana tunaitafuta kwa picha ingali ndogo.”

Saa nzima ilipita. Kila mlango ulipofunguliwa, Mama Vifungo aliruka. Mwishowe mumewe aliingia, shati limelowa jasho, mkononi ana kola mbili, vipande vinne visivyo na umbo, na kiolezo cha mfuko chenye vumbi la chaki.

“Mzee Pindo alikuwa anakatia suruali,” alisema akihema.

Daktari alifuta chaki, akavitandaza vipande juu ya kisanduku cha mwanga. Aligeuza huku, akageuza kule. Havikukubali kuungana.

“Niachie mimi,” Mama Vifungo alisema. Vidole vyake vilijua kazi. “Kola hii inakaa hapa. Hiki kilibaki pembeni. Mfuko huu ulitoka katikati.”

Vipande vikaungana. Daktari aliinama karibu, akapima doa la kwenye mfuko. Akapima la picha mpya. Akarudia mara ya pili.

“Lilikuwapo mwaka jana,” alisema. “Halijakua hata kidogo. Ni kovu. Nisingeamini vipande hivi peke yake, lakini altrasaundi nayo imesema hivyohivyo.”

Mama Vifungo alilia bila kuona haya. Mumewe alijifanya anatafuta leso.

Siku hizi violezo vyake ni vya maboksi. Bahasha ya hospitali, yenye filamu mpya na ripoti, ina msumari wake juu ya wote. Siku moja Mzee Pindo aliinyooshea mkono, akisema bamba lile lingetoa kola nzuri. Alipigwa kofi la mkono kabla hajaigusa.

Na mwaka mwingine ulipotimia, hakuna aliyemkumbusha tarehe. Alifika mapema, wa kwanza kwenye foleni, bahasha kwapani.

Mpiga picha alivaa miwani yake. “Picha ziko nzima?”

“Nzima,” alijibu, akaanza kufungua vifungo vya blauzi. “Sasa nitazameni na mimi.”