Kufuli la Mlango wa Dharura

Rafiki yangu ana degree ya usalama kazini, kama mimi. Ila yeye alipata kibarua. Kazi yenyewe? Kufungua mlango wa dharura wa jengo la ghorofa wakaguzi wakija, na kuupiga kufuli wakiondoka. Safety first, my foot!

Siku ya kwanza, wakaguzi walipoondoka tu, alisikia kikohozi kwenye giza la ngazi.

"Bosi, kuna mtu humu."

"Tangu ule moto wa mwaka jana uue watu kwenye ngazi hizo, hapiti mtu humo. Funga, msomi, au rudi kwa mama yako ukale bure."

Akamulika kwa simu: ngazi tupu. Akafunga, njaa haina cheti. Chuma cha kufuli kikaanza kumchoma mkono. Kisha mlango ukagongwa kwa ndani, taratibu, chini kabisa, usawa wa goti lake.