Ajwang na Somo la Makuzi

Watu wa Kamanga huamka mapema. Jua likichomoza, bodaboda zimeshaanza kushusha abiria wa kivuko, na akina mama wa vitumbua wamewasha majiko. Ajwang naye huwa ameshafagia uwanja na kuinjika uji.

Ajwang alikuwa mwalimu wa chekechea ya kanisa. Aliipenda kazi yake, ila hakuwa na cheti. Shule ilipomtaka asome, alijiunga na chuo kwa njia ya masafa. Hakulazimika kuacha kazi wala familia. Chuo kilikuwa ng'ambo ya ziwa, Mwanza mjini. Yeye alipewa vitabu vya kusoma nyumbani, na kazi za kuandika alizituma kwa simu.

Masomo mengine aliyamudu. Lililomtoa jasho lilikuwa saikolojia ya makuzi. Somo hilo linaeleza jinsi binadamu anavyokua, tangu tumboni mwa mama hadi uzeeni: mwili wake, akili yake, lugha yake na hisia zake.

Kila alasiri Ajwang alikaa kibarazani na kitabu. Alikariri kama mtoto anayekariri sala. "Katika umri huu mtoto huunganisha maneno. Katika umri huu mtoto huuliza maswali mengi." Aliyarudia mpaka midomo ikakauka.

Binti yake Faith, mwenye umri wa miaka minne, alikuwa akicheza na makopo karibu na karo la kuoshea vyombo.

"Faith! Niletee maji ya kunywa."

Faith hakugeuka.

"Faith! Wewe Faith!"

Makopo yakaendelea kugongana.

Mama mkwe wake, ambaye mjukuu humwita Dani, yaani bibi kwa Kiluo, alicheka kutoka jikoni. "Huyo ni mkaidi. Na kuongea kwenyewe anajivuta. Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Ataacha akikua."

Ajwang alikasirika. Alimwendea mtoto, akamvuta mkono na kumfokea. Faith alimkodolea macho, kisha akaangua kilio. Ajwang akarudi kwenye kitabu chake, lakini moyo haukutulia.

Majibu ya kazi yake ya kwanza yalipokuja, alama zilikuwa mbaya. Chini yake mkufunzi alikuwa ameandika: "Umenakili kitabu vizuri. Mtoto yuko wapi?"

Ajwang alizima simu. Mumewe Okech, fundi wa injini za boti, alimkuta ameinama.

"Kuna nini, mama Faith?"

"Naacha chuo. Kichwa changu hakifai. Nasoma peke yangu kama mtu aliyefungiwa ndani, na bado nafeli."

Okech alinawa mikono yenye grisi bila haraka. "Hicho chuo hakina walimu?"

"Wapo."

"Umewahi kuwauliza kitu?"

Ajwang hakuwahi. Aliona aibu kumsumbua mtu asiyemjua.

"Basi Jumamosi nenda," Okech alisema. "Mimi nitabaki na mtoto. Ukishaongea nao ndipo uamue."

Jumamosi Ajwang alivuka maji. Kituo cha chuo kilikuwa na vyumba vichache tu na benchi refu la kusubiria. Mkufunzi wa somo lile aliitwa Getruda, mama mnene mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiye wewe wa Kamanga? Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja mimi?"

"Nawangoja wote. Wengi wenu mnadhani kusoma kwa masafa ni kusoma peke yako. Sivyo. Umbali ni wa nyumba, si wa watu. Una namba yangu. Kuna vipindi vya ana kwa ana hapa kituoni. Kuna wenzako pia. Sasa niambie, unasomaje?"

Ajwang alieleza jinsi anavyokariri. Getruda alitikisa kichwa.

"Soma kipande kifupi. Funga kitabu. Kisha kieleze kwa maneno yako, hata kwa mumeo. Ukishindwa kukieleza, bado hujakielewa, uliza. Halafu kitafute kile ulichosoma kwa mtoto aliye hai. Hili ni somo la watu. Huwezi kulijua bila kuwatazama watu."

Akampa kazi mpya: amtazame mtoto mmoja akicheza, siku hadi siku, na aandike anachokiona.

"Andika unachokiona, si unachokidhani," Getruda alisisitiza. "Ukiandika 'mtoto mkaidi', hayo ni mawazo yako. Andika alifanya nini."

Kabla hajaondoka, Getruda alimuunganisha na kundi la wanafunzi kwenye simu. Mmoja alikuwa Masele, mwalimu wa Nansio. Jioni hiyo hiyo Masele alituma ujumbe wa sauti: "Karibu dada. Hata mimi nilifeli ile ya kwanza." Ajwang alicheka. Hakuwa amecheka kwa sababu ya chuo tangu aanze.

Kwa kazi ile alimchagua Faith. Aliketi kibarazani, safari hii bila kitabu, akatazama.

Mwanzoni hakuona cha ajabu. Kisha akaanza kuona. Alipomwita Faith kwa nyuma, mtoto hakugeuka. Alipomwita akiwa mbele yake, mtoto alikuja akitabasamu. Pikipiki ilipita na kelele zake. Mtoto wa jirani aligeuka, Faith hakugeuka. Watu walipoongea, Faith hakuwatazama machoni. Alitazama midomo yao.

Ajwang alimpigia simu Getruda.

"Mwalimu, nadhani... hapana. Nimeona hivi." Akaeleza yote.

Getruda alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi si daktari, Ajwang. Siwezi kukuambia ana nini. Lakini hayo uliyoyaona yanatosha kumpeleka akapimwe masikio. Usingoje akue. Mtoto hujifunza kuongea kwa kusikia. Asiposikia vizuri, lugha nayo huchelewa."

Dani alipoambiwa, alikataa. "Mtoto anasikia! Jana nimemwita kula, amekuja mbio."

"Mama, ulikuwa umeshika nini?" Ajwang aliuliza.

"Sahani."

"Je, alikuwa anakuona?"

Dani alimgeukia mjukuu wake. Kisha akasimama nyuma yake na kumwita kwa upole, jina lake la Kiluo, lile la kumbembelezea. Faith aliendelea kupanga makopo. Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Mpelekeni," alisema.

Okech na Ajwang walimpeleka hospitali Mwanza. Daktari alimchungulia masikio kwa kifaa chenye taa, kisha akampima usikivu. Ajwang alishika mkono wa mumewe kwa nguvu.

"Si kiziwi," daktari alisema. "Kuna majimaji nyuma ya ngoma za masikio. Huwapata watoto wengi, hasa wenye mafua ya mara kwa mara. Sauti zinamfikia kama za mtu anayeongea nyuma ya ukuta."

"Anatibika?" Okech aliuliza.

"Anatibika. Kwa wengine hukauka yenyewe. Tutamfuatilia kwanza. Na msimtie kitu chochote sikioni, si mafuta, si kijiti."

Ajwang alikaa kwenye kiti cha karibu. Alilia, lakini kilio hicho kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Walirudi kliniki kila walipoitwa. Miezi ilipita, majimaji hayakukauka. Daktari akamfanyia upasuaji mdogo wa kuyatoa. Jioni hiyo hiyo waliruhusiwa kurudi nyumbani.

Wakati huo Ajwang aliendelea na chuo. Alisoma kipande kifupi, akafunga kitabu, akamweleza Okech, ambaye sasa alijua hatua za makuzi kuliko mafundi wote wa Kamanga. Alipokwama, aliuliza kundi. Somo la saikolojia ya makuzi alilifaulu. Darasani kwake, mtoto asiyeitika hafokewi tena. Ajwang humsogelea, huinama, na kuanza kwa kutazama. Mwezi uliopita alimshauri mzazi mmoja ampeleke mwanawe akapimwe macho.

Siku moja alasiri wingu lilitanda juu ya ziwa. Wote walikimbilia ndani. Matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati. Faith alisimama katikati ya sebule, akainua uso kwenye paa.

"Dani?" aliuliza, akionyesha juu.

"Mvua, mjukuu wangu."

Faith alisikiliza. Mvua ikazidi, ikanguruma juu ya nyumba nzima. Mtoto akakodoa macho kwa mshangao, akaanza kucheka.

"Mvua nyingi!" alipiga kelele. "Mama, mvua nyingi!"

Hayo yalikuwa maneno mawili aliyoyaunganisha mwenyewe. Hakuna mtu ndani ya nyumba aliyemwambia anyamaze.